Historia ya Klabu, Jinsi Baba Alivyoshindwa Kuianza

Harufu ya majani yaliyotoka kukatwa, ikichanganyika na moshi wa petroli, hunikasirisha mpaka leo. Katika shule ninayofundisha hapa Bujumbura kuna mzee huja na mashine yake kukata majani ya uwanja, na mara tu mashine inapoanza kukohoa mimi hufunga madirisha yote ya darasa, hata jua liwe linachoma namna gani. Wanafunzi wangu hudhani nina ugonjwa wa kifua. Sina ugonjwa wowote. Nilikuwa na baba aliyekata majani ya Klabu ya gofu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kuna muhula mmoja ambao mzee wangu huyo, Mungu amrehemu, alinichosha roho kwa historia ya hiyo Klabu. Niacheni niwasimulie, huenda hasira ikapungua.

Ndiyo, gofu. Watu wakisikia Rumonge, mji wetu wa pwani ya ziwa, hufikiria mawese na ndagala, wale dagaa wetu, na hawakosei. Lakini kusini mwa mji, pale barabara ya kwenda Nyanza-Lac inapokaribia maji, kulikuwa na kiwanja cha gofu chenye matundu tisa, kilichoanzishwa na mainjinia wa Kizungu waliokuja kwa ajili ya mawese. Wazungu waliondoka, wakaja wafanyabiashara wa Kigiriki. Wagiriki wakaondoka, wakaja wakubwa wetu wenyewe. Nilipopata akili, matundu tisa yalikuwa yamebaki kwenye karatasi tu. Namba nane na namba tisa zilikuwa zimemezwa na ziwa, na namba tatu ilikuwa shamba la mihogo la majirani, ambao kila mwaka walisogea hatua mbili huku wakitusalimu kwa adabu. Wanachama hawakuzidi wanane. Walikuja Jumamosi kutoka Bujumbura, wakapiga vimpira vyao kwa saa moja, kisha wakakaa barazani kunywa bia na kula samaki wa mukeke wa kuchoma mpaka jua linapoelekea milima ya Kongo.

Baba yangu, Ramadhani, ndiye aliyekuwa Klabu yenyewe. Alikata majani, alilinda bendera, alipokea barua, alifukuza mbuzi. Alikuwa mfupi, mkavu, na kofia yake ya kufuma haikuwahi kukaa upande. Wakati wa vita, petroli ilipokosekana na mwanachama hata mmoja hakuthubutu kushuka huku, yeye aliendelea kukata kiwanja kizima kwa panga, akiinama tundu baada ya tundu, kana kwamba kesho kungekuwa na mashindano. Mama yangu, aliyekuwa akiuza mawese sokoni na kutulisha kwa kweli, hakuwahi kumaliza kushangaa.

“Wenye akili wanakata majani, wanapa mbuzi,” alikuwa akisema. “Baba Zena anakata, anatupa.”

Zena ndiye mimi. Nilikuwa mutoto wa kwanza, msichana wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote shuleni kwetu. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Prezida wa Klabu alikuwa daktari mmoja mnene, mcheshi, ambaye wote tulimwita Dogiteri. Jumamosi moja alimwita Baba barazani akamwambia kwamba watu wa serikali wa mashamba wangekuja kupima ardhi yote ya pwani, kwa sababu wakimbizi walikuwa wanarudi kwa wingi kutoka Tanzania na kila mmoja alikuwa na lake la kudai. Klabu ilihitaji karatasi. Karatasi za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa.

“Wewe ndiye unayejua yote, Ramadhani,” alisema. “Tuandikie historia. Tangu mwanzo.”

Baba alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, na mkono wake uliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo alinunua kaye, daftari nene lenye jalada la bluu, na biki mbili za wino, akaniita mimi. Kuanzia Jumatatu hiyo, wenzangu walipotoka shule wakakimbilia ziwani kuoga na kuanika ndagala, mimi nilikaa kwenye kiti cha baraza la Klabu kilichokosa mguu mmoja, nikisubiri baba yangu aseme sentensi.

“Andika: Klabu ilianza,” alisema siku ya kwanza. Niliandika. Akatazama kiwanja kwa muda mrefu. “Futa. Haiko hivyo.”

Nikafuta.

“Andika: Wazungu walifika hapa wakakuta.” Nilihesabu mitumbwi mitatu ikipita. “Walikuta nini, Baba?” nikauliza. “Futa,” akasema.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu tulichana ukurasa mzima. Mwisho wa juma kaye ilikuwa imekonda kama punda wa kubeba mchanga, na historia ya Klabu ilikuwa na neno moja, nalo lilikuwa “Historia”. Nilipolalamika aliniambia, “Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Neno la kwanza lazima likae sawa.” Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu mzima asiyejua kuanza insha ni mvivu au mjinga, na nilimwona baba yangu kuwa yote mawili.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba yaliyobaki aliyajua kama Fatiha. Nilipomwambia tuache mwanzo tuendelee na katikati, alitiririka. Alinisimulia kuhusu kiboko aliyetoka ziwani asubuhi moja akalala juu ya namba nne, na Mzungu mwenye masharubu akasubiri chini ya jua mpaka saa saba mchana, kwa sababu sheria yao haikuruhusu kuruka tundu. Alinisimulia kuhusu Mgiriki aliyepiga mpira ukaangukia ndani ya mtumbwi. Mvuvi alikataa katakata kuurudisha, akisema samaki hatagi yai kama lile na ndege hawakuwepo, kwa hiyo yai hilo limetoka kwa Mungu. Yote hayo niliyaandika, kurasa kumi na nne, kwa mwandiko wangu wa kulala kidogo upande wa kulia. Ukurasa wa kwanza ulibaki mweupe, nao ulikuwa ukinitazama kila nilipofungua kaye.

Sasa lazima niwaambie kuhusu namba sita. Namba sita ilikuwa kwenye kiinuko kidogo, karibu na ziwa, na pembeni yake ulisimama mti wa ndimu. Hapo Baba alikuwa mkali kupita kiasi. Majani yake aliyakata kwa mkasi. Mbuzi akikanyaga namba moja alifukuzwa, ila akikanyaga namba sita alipigwa mawe. Mimi mwenyewe nilichapwa fimbo tatu kwa kuchuma ndimu mbili. Hakuna aliyekula ndimu zile. Zilianguka, zikaoza, na Baba akazizoa kimya kimya na kuzimwaga mbali.

Basi mjue uchungu nilioupata siku ile nilipomwona mwanamke nisiyemfahamu amesimama katikati ya namba sita, kandambili zake mkononi, vidole vya miguu vikichezea yale majani matakatifu, na baba yangu yuko hatua thelathini tu, amemwona, na hasemi kitu. Aligeuza mgongo akaanza kunoa panga lililokuwa kali tayari.

Mwanamke yule alirudi kesho yake, na keshokutwa. Aliitwa Mama Yoshua. Alikuwa ameshushwa na lori la wakimbizi pamoja na watoto wake watatu na magunia mawili, na walikuwa wanalala chini ya hema la plastiki kando ya barabara. Alikuwa mtu wa kanisa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kimenyooka kama rula, mpaka mimi mtoto wa Waswahili wa Rumonge nikaona haya kufungua mdomo.

“Hujambo, binti,” aliniambia siku ya tatu, nilipompelekea maji kwa kopo, kwa udadisi zaidi kuliko kwa wema. “Hapa mnapaitaje?”

“Hapa iko namba sita,” nikajibu.

“Namba sita.” Alicheka kidogo, bila furaha. “Sisi tulipaita nyumbani. Hapa palikuwa kwa Nyandwi, baba yangu. Nilikuwa mdogo kuliko wewe tulipokimbia. Ndimu ile aliipanda mama.”

Nilirudi mbio barazani. Msinicheke. Nilikuwa na furaha kubwa, kwa sababu nilidhani matatizo yangu yamekwisha. “Baba!” nikasema. “Nimepata mwanzo! Kabla ya Klabu palikuwa na nyumba ya mtu anaitwa Nyandwi. Tuandike hivyo, tumalize.”

Baba aliweka panga chini. Sijawahi kumwona mtu akiweka kitu chini polepole namna ile. Akaniambia nifunge kaye niende nyumbani kumsaidia mama yangu kuchuja mawese. Kwa siku nne hakuniita tena barazani. Badala ya kushukuru kwa mapumziko, nilizidi kukasirika. Mtu anakutesa wiki tatu akitafuta sentensi, unampa sentensi, anakufukuza!

Siku mbili kabla ya wapimaji kufika, gari la Dogiteri lilisimama mbele ya Klabu. Haikuwa Jumamosi. Baba aliagiza niitwe kutoka shuleni, nikatoka katikati ya hesabu. Dogiteri alikuwa barazani na karatasi moja iliyopigwa mashine, kwa Kifaransa, yenye muhuri wa Klabu chini yake. Alisema alisubiri historia mpaka akachoka, akaamua kuiandika mwenyewe. Ilibaki Baba aweke sahihi, kama mfanyakazi wa kwanza na shahidi.

“Nisomee, Zena,” Baba akasema. “Kisha unigeuzie kwa Kiswahili.”

Nilisoma. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba Klabu ilianzishwa juu ya ardhi tupu, isiyo na mtu. Nikamgeuzia.

“Rudia.”

Nikarudia: “Ardhi tupu, isiyo na mtu.”

“Rudia tena.”

Nilitamani kupasuka. Dogiteri alikuwa akitazama saa yake, nami nilijua anafikiri baba yangu ni kiziwi, au hana akili. Nilirudia mara ya tatu kwa sauti kubwa, kila neno peke yake, kama mtu anayesema na bibi kizee. Baba aliitikia kwa kichwa. Akaomba biki. Dogiteri akatabasamu.

Baba hakuandika. Alinirudishia biki mkononi mwangu akasema, “Fungua kaye. Ukurasa wa kwanza. Andika.”

Na akasema yote bila kusimama, bila kusema futa hata mara moja, macho yake yakiwa juu ya namba sita. Alisema kabla ya Klabu palikuwa na nyumba nne hapa pwani. Akazitaja moja moja, na wenyewe, na idadi ya watoto. Alisema nyumba ya juu ilikuwa ya Nyandwi, mvuvi, mwenye mke na watoto watano, na mkewe alipanda ndimu. Alisema mwaka ule wa kukimbia mauaji wote waliondoka kwa mitumbwi, na kabla mvua haijarudi Wazungu walikuja na ramani wakauliza nani anataka kazi. “Andika: Mimi Ramadhani nilitaka kazi. Nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa. Nyumba nilizivunja mimi. Kwa Nyandwi nilikuta chungu bado kiko kwenye mafiga, maharage yameota ukungu. Niliyamwaga ziwani. Mawe ya msingi niliyatoa kwa toroli, siku tatu, nikayapanga kuwa ukuta wa kuzuia mawimbi mbele ya baraza hili. Ardhi haikuwa tupu. Niliifanya tupu.”

Mkono wangu ulikuwa unauma. Mwandiko wangu mzuri ulikuwa umeanza kutambaa.

“Ramadhani,” Dogiteri alisema, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka, “unajua kama hiyo ni kazi yako unakata?”

“Ninajua, Dogiteri,” Baba akajibu. “Miaka yote nakata. Murakoze, asante kwa kazi.”

Wapimaji walipokuja, kaye ilisomwa mbele ya watu, na aliyeisoma ni mimi, nimesimama juu ya kreti ya bia, nikisoma kila kitu, kiboko na yai la Mungu pamoja. Watu walicheka pale pa kucheka. Ukurasa wa kwanza uliposomwa hawakucheka. Sitawachosha na vikao vilivyofuata. Viwanja vinne vilirudishwa kwa wenyewe au watoto wao, Klabu ikabaki na matundu mawili ya mchangani, na gofu ya matundu mawili haimtoi mtu Bujumbura. Wanachama waliacha kuja. Mashine ilipakiwa kwenye gari ikaenda zake. Baba hakuwa na kazi.

“Umesema ukweli, nakupongeza,” Mama alimwambia. “Sasa niambie, ukweli unapikwa kwa mawese au kwa chumvi?” Aliongeza saa za kukaa sokoni, nami nikaanza kushika meza yake kila siku baada ya shule. Sitadanganya kwamba nilijivunia baba yangu. Nilimkasirikia sana. Kama alikuwa na la kusema, kwa nini hakulisema siku ya kwanza, tukaokoa kaye nzima na wiki tatu za maisha yangu? Na kama alikuwa amenyamaza miaka thelathini, kwa nini asinyamaze wiki moja zaidi?

Lakini hayo hayakuwa mwisho. Siku Mama Yoshua alipokabidhiwa kiwanja chake, Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda kumwona, akanichukua mimi, sijui kwa nini. Mama Yoshua alikuwa tayari analima namba sita kwa jembe. Baba alisalimia, amahoro. Yule mama hakuacha kulima.

“Ni wewe uliyeyatoa mawe,” akasema.

“Ni mimi.”

Akalima mapigo mawili matatu zaidi. Nilidhani atalia, au atatufukuza. Alinyoosha mgongo, akajipangusa uso kwa kanga.

“Basi unajua yaliko,” akasema. “Yarudishe.”

Na baba yangu aliyarudisha. Mtu wa zaidi ya miaka hamsini, aliyekuwa akiitwa segeritere, yaani katibu wa Klabu, alibomoa ukuta wa mawimbi jiwe baada ya jiwe, akayasukuma kwa toroli mpaka juu ya kiinuko, mbele ya mji mzima. Safari hii hazikuwa siku tatu. Ilichukua miezi. Mimi nilitumwa kusukuma toroli kutoka nyuma mahali penye mchanga, na wasichana wa darasa langu walipita wakinitazama, na niliomba ardhi inimeze.

Hata hivyo aibu haikuniudhi kama kelele zao. Maana wale wawili, kuanzia jiwe la kwanza, walianza kubishana. Mama Yoshua alisema mlango ulikuwa upande wa barabara. Baba alisema hapana, mlango ulitazama ziwa. Mama Yoshua alisema jiko lilikuwa hapa, kwa sababu alikumbuka moshi ukiingia chumbani. Baba alisema jiko lilikuwa kule, yeye mwenyewe aliondoa mafiga, na moshi uliingia kwa sababu upepo wa ziwa uliusukuma. “Uliondoa, wala hukujenga!” “Ulikuwa mutoto, uliona nini?” Mawe yaliwekwa, yakaondolewa, yakawekwa tena. Ilikuwa kaye ile ile, sasa kwa mawe yenye uzito, na mimi ndiye niliyeyabeba. Niliamini kwamba yule mama anamtesa makusudi, na kwamba baba yangu ni mtu wa kuonewa.

Nyumba ilisimama, mlango ukitazama ziwa. Ubishi haukusimama. Kwa miaka yote iliyofuata Baba, ambaye sasa alishona nyavu za watu kwa kujikimu, hakuweza kupita pale bila kuambiwa kwamba dirisha lile si mahali pake, naye hakuweza kupita bila kujibu.

Alifariki nikiwa tayari nafundisha. Baada ya mazishi wanawake walikaa ukumbini kwetu kumfariji Mama, na Mama Yoshua alikuja, amezeeka, amejifunga kitambaa kichwani kwa heshima ya dini yetu. Alikaa kwenye mkeka karibu nami. Wengine walisema maneno wanayosema watu msibani, kwamba alikuwa mpole, kwamba alikuwa mcha Mungu. Yeye aliwasikiliza, na kwa kweli mimi nilikuwa bado namwekea kinyongo cha yale mawe.

Kisha akanishika mkono. Ndugu zake wote wanne, aliniambia, walibaki katika makaburi ya Tanzania, na wazazi wake pia. Watoto wake walizaliwa huko.

“Nyumba ya baba yangu,” akasema, “duniani tulikuwa watu wawili tu tunaoikumbuka. Sasa, binti, nitabishana na nani?”

Nilitazama mkono wake juu ya wangu, mgumu, wenye kucha fupi, na nikafikiria ule muda wote nilipokuwa nikisukuma toroli kwa hasira nyuma yao, nikisikia kelele tu. Nilikuwa nimedhani wanagombana. Kumbe walikuwa wanaulizana, kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake akisahau, hata nusu yake mwenyewe itapotea. Baba yangu alikuwa ameivunja nyumba ile, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeijua vizuri kama yeye.